Maswali ya Wasomaji: Visiwa, Maji na Kazi ya Mwanajiografia

Toleo lililopita niliandika kuhusu visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki na kupanda kwa usawa wa bahari. Barua zilizofika kutoka pande zote za Ziwa letu, Victoria, ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua tano, nikazifupisha bila kugusa maana yake, na nimezipanga kwa namna ambayo jibu la moja litamsaidia msomaji kulielewa linalofuata.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na kwetu ni Nansio, Ukerewe. Naipenda jiografia kuliko masomo mengine, lakini kila ninayemwambia huniuliza kama nataka kuwa mwalimu wa shule. Je, ni kweli kwamba mtu anaweza kutumia maisha yake yote ya kazi kuchunguza visiwa na mabadiliko ya tabianchi? Mtu huyo hufanya nini hasa kuanzia asubuhi hadi jioni, na je, ni lazima aende ng'ambo?
Mwanafunzi, Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usione haya kuulizwa kama utakuwa mwalimu, kwa sababu wanajiografia wengi wa nchi hii, nami nikiwamo, tulianza na chaki mkononi, na mtu aliyewahi kumweleza mtoto wa kidato cha pili jinsi upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa unavyopokezana huwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi unayoiulizia. Kazi yenyewe ipo, na wapo walioifanya maisha yao yote.

Chukua mfano wa Patrick Nunn. Mwaka 1985 alikwenda Fiji kufundisha jiografia katika Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, akakaa huko zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhamia Australia. Kazi yake imekuwa kuchunguza jinsi visiwa vinavyoinuka, vinavyokatika na vinavyotoweka, na jinsi watu wanaoishi juu yake walivyoyapokea mabadiliko hayo. Ushahidi wa kazi ya namna hiyo unatoka katika vitu vya kawaida kabisa: mikato ambayo mawimbi ya zamani yaliichonga kwenye miamba na ambayo leo iko juu ya maji, matumbawe yaliyokufa yakiwa yamesimama mahali yalipoota, na makombe ya chaza yaliyozikwa mchangani, ambayo umri wake hupimwa katika maabara. Jambo ninalolienzi zaidi katika kazi yake, hata hivyo, ni kwamba aliyachukua masimulizi ya wazee kuwa ushahidi unaostahili kupimwa kama jiwe linavyopimwa. Yeye na mwanaisimu Nicholas Reid walikusanya simulizi za wenyeji asilia wa Australia kutoka sehemu 21 za pwani ya bara lile, simulizi zinazoeleza jinsi bahari ilivyofunika nchi waliyokuwa wakiikanyaga babu zao. Walipozilinganisha na historia ya usawa wa bahari inayojulikana kwa njia za kijiolojia, waliona kwamba matukio yanayosimuliwa yalitokea zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Wewe umekua ukisikia wazee wa Ukerewe wakieleza maji yalifika wapi na mwaka gani. Usidhani kwamba hayo ni maongezi ya barazani tu.

Kuhusu asubuhi hadi jioni, sitaki nikudanganye. Siku za kutembea ufukweni na kifaa cha GPS ni chache, na siku za kukaa mezani ni nyingi. Mwanajiografia wa visiwa hutafuta picha za anga zilizopigwa miaka ya 1940 au 1960, hutafuta ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000, huzioanisha na picha za setilaiti za leo, kisha huchora mstari wa ufukwe wa kila mwaka na kuuliza umesogea kiasi gani na kwa nini. Picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, zimekuwa zikitolewa bure kwa kila mtu tangu mwaka 2008, na hilo lilibadilisha kabisa uwezo wa mtafiti asiye na fedha nyingi. Kijana aliye Nansio mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kusuasua anaweza leo kuona ufukwe wa Ukara ulivyokuwa kabla wazazi wake hawajaoana. Jambo hilo halikuwezekana nilipokuwa na umri wako, na bado hunifurahisha.

Ng'ambo si lazima. Unaweza kusoma jiografia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika Chuo Kikuu cha Ardhi unaweza kujifunza upimaji na mifumo ya taarifa za kijiografia. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye fani yake ni jiografia ya mazingira asilia, alikuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa kundi la pili la kazi la jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lile linalojulikana kwa kifupi kama IPCC, katika mzunguko wa ripoti ya sita. Kundi hilo ndilo linalotathmini madhara ya mabadiliko ya tabianchi na namna ya kuyakabili, na moja ya sura za ripoti yake ya mwaka 2022 inahusu visiwa vidogo peke yake. Visiwa vya kuchunguza hatujapungukiwa: Unguja, Pemba na Mafia viko baharini, na huku kwetu kuna Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, pamoja na Ukara, Kome, Maisome, Rubondo na vingine vingi vidogo. Nakuomba jambo moja tu: hisabati usiiache. EGM ni tahasusi nzuri kwa njia hii kwa sababu mwanajiografia asiyeweza kukokotoa hubaki kusimulia tu.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kome. Mwaka 2020 maji yalichukua mwalo wetu wa kupakulia samaki, yakachukua vichanja vya kuanikia dagaa na nyumba za wenzetu waliojenga karibu. Baadaye alikuja kijana wa semina akatuambia kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka na kwa hiyo visiwa vyetu vitazama. Je, ni kweli? Tuanze kutafuta viwanja bara?
Mvuvi, Kome

JIBU: Pole sana ndugu yangu kwa hasara mliyoipata. Kijana wa semina alikuwa na nia njema, lakini alichanganya mambo mawili ambayo hayakutani. Barafu inayoyeyuka katika ncha za dunia inaongeza maji ya bahari. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hata kama barafu yote ya nchi kavu duniani ingeyeyuka, bahari ingepanda kwa kiasi kisichofika mita 70. Dar es Salaam ingeangamia, lakini maji hayo yasingefika hata Morogoro, sembuse Kome.

Ziwa letu lina hesabu yake lenyewe. Ni pana mno, takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni kama mita 40 tu, kwa hiyo lifikirie kama sinia kubwa lililowekwa uani. Karibu sehemu nne kwa tano za maji yanayoingia humo ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Mito yote, Kagera ukiwamo, huleta sehemu iliyobaki. Maji yanayotoka, sehemu kubwa hupaa angani kwa jua na upepo, na mengine hupita Jinja, nchini Uganda, kuingia mto Nile. Kwa hesabu hiyo, mvua ikizidi kwa misimu miwili mfululizo sinia hujaa, na kwa kuwa mlango wa kutokea ni mmoja, hukaa limejaa kwa miaka.

Hicho ndicho kilichotokea. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto zaidi kuliko kawaida, huku upande wa Indonesia yakiwa ya baridi zaidi, na hali ya namna hiyo inapotokea, mawingu ya mvua hujikusanya upande wetu. Mvua zikanyesha bila kukoma, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42. Namba hiyo si kina cha ziwa. Ni alama kwenye ubao wa kupimia ambao sifuri yake iliwekwa na wapimaji wa zamani. Umuhimu wake ni kwamba iliipita kwa sentimita 1 tu rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Ukiwauliza wazee wa Kome watakumbuka: mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, wakati nchi ikipata Uhuru, na katika miaka iliyofuata ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2. Chanzo kilikuwa kilekile, yaani tofauti ya joto kati ya pande mbili za Bahari ya Hindi.

Sasa utaniuliza, kama lilipanda pia miaka ya 1960, mabadiliko ya tabianchi yanahusikaje? Hilo ndilo swali ambalo mwanajiografia mwaminifu hulijibu kwa namba. Mwaka 2024 Rosa Pietroiusti na Wim Thiery wa chuo kikuu kimoja cha Brussels, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi kuhusu tukio la 2020. Ziwa lilikuwa limepanda mita 1.21 katika siku 180. Wao walikadiria kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu limefanya uwezekano wa kupanda kwa kasi ya namna hiyo uwe karibu mara mbili ya ulivyokuwa zamani, na kwamba katika zile sentimita 121, kama sentimita 7 ndizo zinazoweza kuhesabiwa kuwa zimetokana na ongezeko hilo. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Sentimita 7 ni upana wa kiganja, wala si kiasi cha kukizamisha kisiwa. Lakini tukio ambalo babu yako aliliona mara moja katika maisha yake, wewe na wanao mnaweza kuliona mara kwa mara zaidi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, na mwenyewe ulikuwapo.

Usisahau pia upande wa pili. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1920, mitumbwi ikabaki juu ya matope, na watafiti walionyesha kwamba ukame na wingi wa maji yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya umeme pale Jinja vyote viwili vilichangia. Watu wengi walijenga kwenye ardhi iliyojitokeza miaka ile, wakiamini kwamba ziwa limewapa zawadi. Ushauri wangu ni kwamba msihame Kome, lakini ardhi iliyo kati ya alama ya maji ya 2006 na alama ya 2020 ihesabuni kuwa mali ya ziwa. Wekeni hapo vichanja vinavyoweza kubebwa na mitumbwi inayoweza kuvutwa. Nyumba, choo na ghala la dagaa vijengwe juu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kwa maoni yangu udhaifu wa kipimo hicho ni kwamba ufukwe wenyewe unatembea. Mita 60 za mwaka 2006 na mita 60 za mwaka 2020 si mahali pamoja, kwa hiyo pimeni kuanzia maji yalipofika juu kabisa.

Kinachonitia hofu zaidi kwa ajili yako, ndugu yangu, si ufukwe bali ni usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: ziwa hubaki na joto, pepo kutoka pande zote za nchi kavu hukutana katikati yake, hewa hupanda, na radi na dhoruba kali huzaliwa huko ndani kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati ambao wewe na taa zako mko mbali na mwalo mkivua dagaa. Wim Thiery na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kadiri dunia inavyopata joto, dhoruba kali kupindukia juu ya ziwa zitaongezeka nguvu zaidi kuliko zile za nchi kavu zinazolizunguka. Kwa hiyo tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizeni kabla ya giza kuingia, na koti la kuokolea maisha livaliwe, lisigeuzwe mto wa kulalia. Mita moja ya maji ufukweni inaweza kukugharimu vichanja vyako. Usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kugharimu kila aliyemo mtumbwini.

SWALI: Katika toleo lililopita uliandika kwamba visiwa vingi vidogo vya Pasifiki vilivyopimwa havijapungua ukubwa. Nilishtuka. Je, huoni kwamba maneno hayo yanawapa silaha wale wanaokana mabadiliko ya tabianchi? Mwanajiografia anapaswa kuwa upande wa nani?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Nilichokiandika nakirudia, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndani yake mna fundisho la kazi hii. Mwaka 2010 Arthur Webb na Paul Kench walilinganisha picha za zamani na za karibuni za visiwa 27 vya matumbawe katikati ya Pasifiki. Asilimia 14 tu ya visiwa hivyo vilikuwa vimepungua. Vilivyobaki vilikuwa vilevile au vimeongezeka. Mwaka 2018 Kench na wenzake walitoa matokeo ya visiwa 101 vya Tuvalu, na wakaonyesha kwamba kati ya 1971 na 2014 eneo la nchi kavu kwa ujumla wake liliongezeka kwa asilimia 2.9, ingawa bahari ilikuwa ikipanda.

Sababu ni kwamba kisiwa cha aina hiyo hakikujengwa kwa mwamba mgumu kama mawe ya Mwanza. Ni lundo la mchanga na vipande vya matumbawe, na mwamba wa matumbawe ulio hai unaokizunguka huendelea kuzalisha mchanga mwingine. Mawimbi huuchota mchanga upande mmoja na kuutupa upande wa pili, kwa hiyo kisiwa husogea, hujikunja, hurefuka huku na kukatika kule. Mtu aliyejenga upande unaoliwa atakuambia kwa haki kabisa kwamba kisiwa kinakwisha, na jirani yake wa upande wa pili atakuonyesha minazi michanga aliyoipanda kwenye ardhi mpya.

Lakini hapo hapo ndipo wanaokana wanapokosea, na kosa lao ni la kijiografia kabla ya kuwa la kisiasa. Ukubwa wa kisiwa si sawa na uwezo wa watu kuishi juu yake. Chini ya kisiwa cha matumbawe kuna tabaka jembamba la maji baridi linaloelea juu ya maji ya chumvi. Bahari ikipanda na mawimbi yakipita juu ya nchi, tabaka hilo huharibika, visima huingia chumvi na mazao ya mizizi hunyauka, hata kama kwenye picha ya setilaiti kisiwa kinaonekana kipana kuliko jana. Tena kiwanda cha mchanga ni matumbawe yaliyo hai, na maji yakizidi joto matumbawe hupauka na kufa. Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yake katika miaka ya 2006 hadi 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, kubwa kuliko ya miongo iliyotangulia. Katika Visiwa vya Solomon, ambako bahari imekuwa ikipanda kwa kasi zaidi ya wastani wa dunia, watafiti waliripoti mwaka 2016 kwamba visiwa vidogo vitano vya miamba ya matumbawe vilivyokuwa na miti vimetoweka kabisa.

Huku nyumbani tunacho kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitagia mayai humo. Leo ni tuta la mchanga ambalo bahari hulifunika maji yanapojaa. Ni rahisi kukitaja Maziwe kuwa shahidi wa kupanda kwa bahari, na nimesikia kikitajwa hivyo mikutanoni. Lakini miti yake ilikatwa, na mchanga usio na mizizi ya kuushikilia haukai mbele ya mawimbi. Tukisema ni bahari peke yake, tunawafundisha watu wa pwani kwamba hakuna walichoweza kufanya, na huo ni uongo unaodhuru. Kama lazima nichague upande, basi nipo upande wa watu watakaopanga maisha yao kwa kutegemea neno langu, nao wanahitaji kuambiwa kipimo kilivyo.

SWALI: Binti yangu amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma jiografia na mazingira. Sisi ni watu wa kipato cha kawaida, baba yake ana duka dogo hapa Igoma. Naomba uniambie ukweli kama atapata kazi, na kama kazi za kwenda visiwani zinamfaa mtoto wa kike.
Mama, Igoma

JIBU: Mama, hongera kwa kumfikisha hapo. Ajira inayoitwa kwa jina "mwanajiografia" ni chache sana, na huenda asiione hata tangazo moja lenye jina hilo. Kazi zenyewe zimejificha ndani ya majina mengine: bodi za maji za mabonde, halmashauri katika idara za mazingira na mipango miji, hifadhi za taifa, taasisi za utafiti wa uvuvi, mashirika yanayoshughulikia maafa, na makampuni ya upimaji. Anayepata kazi haraka ni yule mwenye ujuzi wa mkononi pamoja na cheti, kwa hiyo mhimize amalize chuo akiwa anaweza kutengeneza ramani kwa kompyuta, kuzisoma picha za setilaiti na kuandika ripoti inayoeleweka. Programu za kujifunzia zipo za bure. Kuhusu visiwani, nimefanya kazi na mabinti waliokuwa hodari kuliko vijana wenzao, na katika mahojiano ya nyumbani wao huambiwa na akina mama mambo ambayo mimi nisingeambiwa hata nikikaa mwezi mzima: nani huchota maji, kisima kipi kimebadilika ladha, dagaa zilioza siku ngapi mvua ilipogoma kukatika. Ajifunze kuogelea kabla ya safari ya kwanza. Hilo nawaambia na wavulana.

SWALI: Ninafundisha shule ya sekondari Ukara. Wanafunzi wangu wanataka kuanza kupima wenyewe mabadiliko ya ziwa na mvua, lakini hatuna vifaa. Tuanzie wapi, Mwalimu mwenzangu, ili vipimo vyetu visiwe vya mchezo?
Mwalimu, Ukara

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mmekaa mahali pazuri kuliko mnavyojua. Watafiti wa kilimo na jiografia wamekuwa wakiandika kuhusu Ukara tangu miaka ya 1930, wakishangazwa na jinsi Wakara walivyoweza kulisha watu wengi kwenye ardhi ndogo na mawe mengi: ng'ombe wanaofugwa ndani na kukatiwa majani, samadi inayobebwa hadi shambani, marejea, mmea wa jamii ya kunde, yanayopandwa ndani ya shamba la uwele ili yalirutubishe, na miti ambayo kila mmoja una mwenyewe. Wageni walikuja kujifunza namna watu wa kisiwa wanavyoishi ndani ya mipaka yao, basi wanafunzi wako waanze wakijua kwamba babu zao tayari wamo katika vitabu vya fani hii.

Kwa ziwa, tafuteni jabali lililosimama majini mahali penye utulivu, mbali na gati na mbali na mawimbi ya vivuko. Wekeni ubao mrefu wa mbao ngumu uliochorwa sentimita kwa rangi isiyofutika, na uufunge imara kwenye jabali hilo. Kisha chagueni alama ya pili nchi kavu isiyoweza kusogea, kama kona ya msingi wa jengo la shule, na mpime kwa bomba la maji la plastiki linaloonyesha usawa ni kiasi gani alama hiyo iko juu ya sifuri ya ubao wenu. Ubao ukiangushwa na dhoruba, na siku moja utaangushwa, alama hiyo ndiyo itakayowawezesha kuweka mwingine palepale. Nimeona kumbukumbu za miaka mingi zikipoteza thamani kwa sababu fundi alirudisha ubao "karibu na ulipokuwa".

Someni kila siku saa ileile, ikiwezekana asubuhi kabla upepo haujaamka, kwa maana upepo wa siku nzima unaweza kuyasukuma maji upande mmoja wa kisiwa yakaonekana yamepanda ilhali ziwa liko vilevile. Pimeni pia umbali wa kwenda majini kutoka mti mmoja au jiwe moja lisilohama, na waulize wanafunzi kwa nini namba hizo mbili hazilingani. Ufukwe unaoinama mita 2 kwa kila mita 100 utamezwa mita 50 ziwa likipanda mita 1, na hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyokosekana pale watu waliposhangaa mwaka 2020 kwamba maji "yamekimbia".

Kwa mvua, kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na mdomo sawa na kitako chake linatosha, likiwekwa mbali na miti na paa. Kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo chenu, na kimwagwe kila asubuhi. Mtashangaa mara ngapi mvua imenyesha usiku mkiwa mmelala. Linganisheni na rafiki zenu wa mwambao: Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa, hupata mvua kama maradufu ya Mwanza kwa mwaka, na kisiwa chenu kitakuwa na hadithi yake.

Mwisho kuna wazee. Wapelekeni wanafunzi wawili wawili kwa watu waliokuwa na akili zao wakati wa Uhuru, na waulizwe maji yalifika wapi baada ya mvua zile, wakiwa wamesimama mahali penyewe badala ya kukaa sebuleni. Mzee akionyesha jiwe, liwekeeni alama, mpime liko juu ya ubao wenu kwa kiasi gani, na muulize mzee mwingine siku nyingine bila kumwambia jibu la kwanza. Kama majibu yatatofautiana kwa urefu wa mtu mzima, yaandikeni yote mawili.

Daftari liwe moja, lenye tarehe, saa, namba na jina la aliyesoma, na nakala yake ipelekwe kila muhula kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi zake ziko hapa Mwanza. Siku ambayo hakuna aliyesoma, kwa likizo au kwa msiba, acheni nafasi tupu wala msikadirie.